Kichwa Tulichopanda Nacho Jukwaani

Bendi yetu ilidumu miaka arobaini na kitu, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kucheza muziki wetu. Nianze na hilo, kwa sababu watu wakisikia mzee wa Same anasema alikuwa na bendi wanafikiria rumba, mashati ya maua, magitaa yanabembeleza na akina mama wanazunguka taratibu. Hapana. Sisi watu walikuwa wanatukimbia. Kutisha ndiyo ilikuwa kazi yetu, na mtu akikimbia halafu akarudi kuchungulia nyuma ya kibanda cha mitumba tulijua huyo ametupenda.

Nitaeleza ilivyoanza. Ila kilichonikalisha chini na kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne, ni kichwa. Kichwa cha mtu. Nilikichukua mimi kwa mikono yangu miwili, na mwaka huu nimezunguka nacho kwenye mfuko nikitafuta wa kukipokea.

Tulikuwa wachimba jasi kule Makanya. Jasi ni lile jiwe laini jeupe linalopelekwa kwenye viwanda vya saruji. Ukishinda nalo kutwa unarudi nyumbani mweupe mpaka kope, watoto wanakulilia. Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunachimba shimo moja. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwimbaji, na katika maelezo haya nitamwita hivyo, mwimbaji. Alikuwa na sauti mbaya sana. Kanisani walimwomba akae nyuma.

Siku moja dereva wa lori la jasi, mtu mmoja mnene ambaye alikuwa hawezi kushuka kwenye gari bila kushikwa mkono, alitupa kaseti aliyoipata bandarini. Kwenye karatasi yake kulikuwa na vijana wa Kizungu waliojipaka kama maiti, macho wameyazungushia weusi. Ndani ni kelele tupu. Wimbo unaanza, kabla hujakaa vizuri umeisha, wanaanza mwingine. Mwimbaji aliisikiliza mara tatu, kisha akasema, "Hawa wanaimba kama baba akifukuza nyani shambani."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi naweza."

Akajitazama mikono. Ilikuwa myeupe tayari. Akasema, "Na rangi tunayo."

Gitaa langu la kwanza lilikuwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Baadaye tulipata la umeme lililovunjika shingo, nikalifunga kwa bati na misumari, na mpaka leo lina sauti ya mtu anayekwaruza sufuria. Ngoma tulipiga za shule zilizotupwa, tukazivika ngozi ya mbuzi. Mpigaji alitoka kwa wafugaji wa upande wa Kisiwani, kijana mrefu aliyekuwa akipiga huku anaangalia mbali kana kwamba anahesabu ng'ombe. Huyo alirudi kwenye ng'ombe. Wa pili aliokoka. Wa tatu aliokoka na kutoroka na ngoma moja, sijui wokovu gani huo. Tulipitisha wapiga ngoma tisa. Wa kudumu tulikuwa wawili tu, mimi na mwimbaji.

Nyimbo zetu zilikuwa fupi. Kulikuwa na wa mumiani anayenyonya damu za wachimba jasi. Kulikuwa na wa marehemu aliyerudi kudai shamba lake la kahawa akakuta wanawe wameshaliuza. Huo wa marehemu wazee waliupenda kisirisiri, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mtoto anayemfikiria. Tulikuwa tunapiga siku ya gulio, saa nane mchana, jua likiwa limesimama. Watu husema mambo ya kutisha yanataka giza. Si kweli. Mtu aliyejipaka jasi usoni juani, jasho linachuruzika, jasi inakauka na kuwa ngumu kama plasta, akifungua mdomo kupiga kelele uso unapasuka na vipande vinadondoka. Hiyo hata mimi niliyekuwa pembeni yake ilikuwa inanitisha. Unga ulikuwa unamwingia puani na kooni. Alikuwa anakohoa katikati ya wimbo na sisi tukadhani kikohozi kinafaa, tukakiweka kwenye muziki.

Sasa kichwa.

Mwanzoni tulikuwa tunapanda na kichwa cha mbuzi kutoka buchani. Kilikuwa kinanuka, na mbwa walikuwa wanatufuata mpaka jukwaani. Mwimbaji akasema tunataka kichwa kisichokuwa na nyama. Nikacheka, nikamwambia mimi najua viliko.

Kwetu huku milimani, zamani, mtu akishazikwa na miaka ikapita, wenyewe walikuwa wanamfukua. Kichwa kinaoshwa, kinapelekwa mpungini, yaani kwenye kichaka cha ukoo ambacho hakikatwi mti, kinawekwa chini ya mwamba kwenye mstari na vya wenzake waliotangulia. Kila kimoja kina jina na kina nafasi yake. Mvua ikigoma, wazee wanakwenda na pombe kuzungumza nao. Ukoo wa mama yangu, kule Suji, walikuwa na mpungi wao. Wakati wa ujana wangu karibu wote walikuwa wameshabatizwa, na njia ya kwenda kule ilikuwa imeota majani. Nikajiambia hakuna anayekwenda tena.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo ndilo lililonipoteza. Kwetu mpwa akienda kwa wajomba haombi. Unafika, unamkamata jogoo, unaondoka naye kwapani, mjomba anakutukana huku anacheka, na asipokutukana ujue hakupendi. Mimi nilikuwa nimeshachukua kwa wajomba majogoo, mkungu wa ndizi, hata koti. Basi nikaenda mpungini asubuhi moja kama mtu anayekwenda bandani. Vilikuwa kumi na kimoja. Nikachukua cha tatu kutoka kushoto, kwa sababu kilikuwa na meno yote ya juu. Sikuogopa. Nilikuwa napiga mluzi.

Gulio lililofuata mwimbaji alikiinua juani, akakiuliza habari za kuzimu, akakipa tumbaku. Nusu ya soko ilikimbia. Jina letu lilifika Mwanga, lilifika Hedaru. Hata leo ukimuuliza mtu wa umri wangu, "Unawakumbuka wale wa jasi?" atakujibu, "Wale wa kichwa?"

Siku ileile bibi mmoja aliyeshuka na maharage kutoka milimani alinijia wakati nafungasha. Alikuwa wa ukoo wa mama.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. Alisema, "Wewe mtoto wa dada yetu. Huyo mliyembeba unamjua?"

"Namjua bibi," nikamwambia. "Ndiye mpiga besi wetu."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi akabeba maharage yake, hakuuza tena, akaondoka.

Tukaendelea. Miaka ikapita, redio zikaja na muziki mwingine, simu zikaja, vijana wakawa wanaangalia mambo ya kutisha kuliko sisi kwenye kiganja cha mkono. Bado tulikuwa tunapiga. Mwaka mzima tunaweza kupiga mara mbili, watu ishirini, watano kati yao wamelewa dengelua. Mama yangu akafa, tukamzika Same. Wajomba hawakushuka. Mvua zilikuwa zimekata barabara, nikasema ni mvua.

Kisha koo la mwimbaji likaanza. Kwanza sauti ikawa nyembamba, tukacheka kwamba hatimaye amekuwa mwanamke wa kwaya. Halafu ikakatika. Hospitali wakasema kuna uvimbe, wakasema amechelewa, wakauliza kama amefanya kazi ya vumbi. Mimi nikasema ni jasi, miaka mitano ya shimoni na arobaini ya kujipaka. Yeye alikuwa na maelezo yake. Alikuwa hawezi kusema tena, akawa anaandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa maana anajua mimi nasoma polepole. Akaandika: HUYU MZEE WA KICHWA ANANIBANA KOO. NILIMWULIZA MANENO HADHARANI MIAKA YOTE NA SIKUMWACHA AJIBU.

Nikamwambia acha ujinga.

Akaandika: MRUDISHE KWAO KABLA SIJAFA.

Nilimtazama. Alikuwa amebaki macho na shati. Mkewe alikuwa mlangoni anachambua mboga, hakuinua uso. Nikasema nitakwenda kesho.

Kichwa kilikuwa kwangu, kwenye sanduku la vyombo vya muziki. Nikakifunga kwa khanga, nikakitia kwenye mfuko wa unga, nikapanda gari la asubuhi. Sijawahi kuogopa namna ile. Nilipokuwa kijana nilikishika mchana kweupe mbele ya soko zima, na sasa nimekipakata magotini nikijua kwamba mfuko ukichanika, mtu yeyote akiona, hawatauliza bendi. Watasema mzee mchawi, anauza viungo vya watu, na nitachomwa hapohapo stendi ya Makanya. Mama mmoja aliyekaa jirani aliuliza, "Babu umebeba boga?" Nikasema ndiyo. Akalipapasa. Akasema limekomaa.

Barabara ya Suji inapanda kwa kuzungukazunguka. Chini ni miiba na vumbi, halafu ghafla baridi, migomba, maji yanatiririka kando ya njia. Mjomba niliyekuwa nakwenda kwake ndiye wa mwisho wa kizazi cha mama. Ni mdogo wake wa mwisho, ana miaka zaidi ya themanini, na ni mzee wa kanisa. Nilimkuta anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umekuja kuiba nini leo?"

Nikafurahi. Nikajua bado utani upo. Tukala makande, nikaulizwa habari za watoto, na muda wote ule mfuko uko kati ya miguu yangu. Mwishowe nikauweka mezani, nikafungua khanga.

Mjomba hakushtuka. Alivaa miwani. Alimgeuza upande, akamwangalia meno, akasema jina. Jina zima, na la baba yake, na la babu yake. Alikuwa babu wa babu yake mama. Kumbe yule tuliyempa tumbaku juani ni mimi mwenyewe kwa upande mmoja.

"Mlijua ni mimi niliyemchukua?"

"Siku ya pili yake tulijua. Yule dada yetu aliyekuwa anauza maharage gulioni alipanda akatuambia."

"Mbona hamkuja kumchukua?"

"Tuje kumnyang'anya mpwa?" Alisema kama vile nimeuliza jambo la aibu. "Mpwa akichukua, anarudisha mwenyewe au harudishi. Wazee walikungoja. Walikungoja miaka saba. Mama yako tulimwambia hatutakanyaga kwake mpaka mwanawe arudishe. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Alikaa na hilo mpaka akafa, na alikuwa anakuja kwenye gulio kutuangalia. Alikuwa anasimama mbali, karibu na wauza magadi, na mimi nilikuwa nampungia mkono.

Nilimfunika tena kwa khanga. Halafu nikasema, "Basi nimemrudisha. Twende tumweke."

"Wapi?"

"Pale pake. Cha tatu kutoka kushoto."

Mjomba akavua miwani. Akaniambia kwamba mwaka wa saba mvua iligoma, maharage yakaungua, na wale wachache waliokuwa bado wanakwenda mpungini walisema mstari hauwezi kukaa na pengo, maneno yanapotelea hapo. Wakachukua jiwe la mtoni, wakaliosha, wakalimwagia pombe, wakalipa jina lake. Likakaa pale pake. Tangu siku hiyo jiwe ndilo yeye.

"Tulitoe jiwe."

"Nani alitoe? Aliyejua maneno ya kuliweka amekufa, na ya kulitoa hajawahi kuyajua mtu. Wawili wa jina moja hawakai mstari mmoja. Na mimi nashika kikombe cha sadaka, mpwa wangu. Nikienda kule na pombe Jumamosi, Jumapili nitasimama wapi?"

"Basi tumzike kanisani."

Akafikiri. Akachukua fimbo, akasema twende tukaulize. Tulitembea kwa mchungaji, wazee wawili na mfuko. Mchungaji ni kijana, mpole, alitukaribisha chai. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, hakukasirika. Aliuliza jina la ubatizo, tukasema hana, alikufa kabla ya dini. Akasema lakini tatizo kubwa si hilo. Tatizo ni kwamba mtu huyu alishazikwa. Walimzika wenyewe kwa desturi yao, halafu wakamfukua wenyewe. "Mimi nitamzika mara ya pili kwa maneno gani?" aliuliza, na niliona kweli anataka kujua. Tukamaliza chai.

Tukarudi. Njiani nilimwomba mjomba tumfukie tu nyuma ya nyumba yake, chini ya mgomba, kimyakimya. Nilimwomba kama mtoto. Nilimwambia rafiki yangu anakufa, anasubiri neno moja tu kutoka kwangu. Mjomba alisimama.

"Nyuma ya nyumba anafukiwa mbwa," alisema.

Nikashuka na gari la jioni na mfuko wangu.

Nilikuwa nimeamua kudanganya. Nilipanga maneno yote: wamempokea, wamemmwagia pombe, ametulia. Nikaingia kwa mwimbaji, akaandika: WAMEMPOKEA? Nikafungua mdomo, halafu nikaona anaangalia bega langu. Nilikuwa nimesahau kuuacha mfuko nje. Ulikuwa umeviringika vilevile.

Nikamweleza yote, na jiwe, na mchungaji. Alifumba macho nikadhani amelala. Kisha akaandika polepole, herufi moja moja, mpaka nikataka kumshika mkono nimalizie mimi: NIZIKWE NAYE. NITAMPELEKA MWENYEWE.

Mkewe akalichukua daftari, akasoma. Ni mama mmoja mkali, aliyetuvumilia kuliko tulivyostahili.

"Shemeji," aliniambia, "miaka yote nimefua mashuka ya jasi. Nimelala na mwanamume anayeamka na unga masikioni. Sasa hata kaburini mnataka nimlaze na mzee wenu?"

Mwimbaji alikuwa anamtazama yeye, siyo mimi. Aligonga daftari kwa kidole, palepale penye maneno. Akagonga tena.

"Huyu mume wangu atakuwa anajua njia ya huko?" mkewe akauliza.

Nikasema sijui.

"Hata wewe hujui?"

"Hata mimi."

Mwimbaji alikufa siku ya tisa, asubuhi, wakati mkewe anachemsha uji ambao asingeweza kuumeza. Walipokuwa wamekwisha kumwosha, mjane alitoka, akaniita kwa mkono mbele ya watu wote, akasema mlete jamaa yako. Hakuna aliyeuliza. Fundi wa jeneza alikuwa amechukua vipimo vya mtu mmoja, kwa hiyo kando ya kichwa cha mwimbaji hapakuwa na nafasi, wala kwapani. Tulimweka mzee miguuni, katikati ya nyayo, tukamzungushia shuka asigongane na mbao wakati wa kubebwa. Mimi ndiye niliyefunika. Nilipanga shuka nikalipangua hata mjane akaniambia, "Shemeji, toka, nitamaliza mimi." Nilimsikia anamwambia yule mzee wa miguuni kitu kwa sauti ya chini, kwa Chasu, yaani Kipare, lakini sikusikia ni nini, na sijathubutu kumuuliza.

Kaburi lilichimbwa kwa sululu, maana ardhi ile ya Makanya ni ngumu, na chini kidogo tu unakuta weupe wa jasi. Bendi haikupiga. Bendi ipi? Nilikuwa nimebaki mimi.

Nilidhani nitasikia wepesi. Niliwahi kusikia watu wakisema hivyo, kwamba umeutua mzigo. Nilirudi Same nikalala siku mbili, nikaamka nikiwa naona meno ya juu ya yule mzee. Kwa sababu hebu fikiria. Nilimtoa kwao, kwenye baridi na miti, akiwa na jina na majirani kumi. Nikamtembeza juani maisha yangu yote. Halafu nimemfukia kwenye joto, miguuni mwa mtu ambaye si wa ukoo wake, kwenye kaburi lenye msalaba ulioandikwa jina la mwingine. Na kule kwake jiwe linajibu akiitwa. Mwimbaji alisema atampeleka mwenyewe, lakini mwimbaji alikuwa mtu wa kupotea hata njia ya Hedaru.

Wiki iliyofuata mjomba alinipigia simu. Alikuwa ameazima ya jirani, akawa anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mpwa! Yule mzee umemlaza wapi?"

"Makanya, mjomba. Nimemzika na mwenzangu."

Nilisikia ng'ombe wake analia, na nyuma ya ng'ombe maji ya mfereji.

"Makanya," alisema. "Huko mvua hainyeshi."

"Hainyeshi, mjomba."

"Haya," akasema, na nikasikia anamuuliza jirani simu inakatwa vipi.